Vidudu vyekundu vya madoa kwenye kunde: weka bomba chini kwanza

Mkuu, umesema uko Urambo, mvua za kwanza zimeshalowesha ardhi, na kunde na figiri zako zimejaa vidudu vya duara, vyekundu, vyenye madoa meusi. Dukani wamekuambia upulize sumu. Usipulize. Hao hawali majani yako, wanakula vidukari (wadudu mafuta), na mkubwa mmoja humaliza makumi kwa siku.

Kuhusu wametokea wapi ghafla: Ulaya wenzao hulala msimu wote wa baridi, wakaamka Machi au Aprili. Huku kinachowaficha ni kiangazi, mimea laini inapokauka na vidukari kuadimika. Hujibanza kwenye magome, majani makavu na mashina ya nyasi. Mvua ikichipusha majani, vidukari hurudi, nao hufuata. Ukichoma takataka zote za shamba Oktoba, unachoma na walinzi wako. Acha ukanda wa nyasi pembeni, hata hatua mbili tu.

Sasa geuza majani uangalie chini. Mayai yao ni ya njano, membamba, yamesimama wima yakiwa yamebanana. Kwenye joto huanguliwa ndani ya siku 3 hadi 5. Anayetoka hafanani kabisa na mzazi: mweusi au wa kijivu, mrefu, miguu sita, madoa ya rangi ya chungwa, kama mamba mdogo wa mtoni. Huyu ndiye watu wanamponda wakidhani kiwavi, na ndiye mlafi hasa. Baada ya wiki mbili tatu hujigandisha kwenye jani na kutulia. Usimbandue.

Yupo ndugu yao mharibifu, mtamkuta kwenye maboga na matango. Mgongo wake haung'ai, una vinyweleo. Watoto wake ni wa njano wenye miiba ya matawimatawi, na jani walilokula hubaki kama wavu. Huyo okota asubuhi, tumbukiza kwenye maji ya sabuni.

Sumu kama saipamethrini huua vidukari na walaji wao kwa pamoja, ila vidukari ndio wanaowahi kurudi: jike huzaa bila dume, na mtoto huanza kuzaa baada ya wiki hivi. Ndiyo maana anayepuliza hujikuta anapuliza tena na tena.

Machipukizi yakizidiwa kabisa, tumia sabuni ya maji, kijiko cha chai kimoja kwa lita moja. Jaribu kwanza kwenye majani machache, kisha pulizia jioni pale penye vidukari tu, maana isipowagusa haiui. Sabuni ya unga huunguza majani. Chipukizi lenye mayai ya njano liruke.

Angalia pia sisimizi. Wanalamba utamu wa vidukari, hivyo huwafukuza walaji wao. Ukiona mstari wa sisimizi unapanda shina, fuata kichuguu chao na ukivuruge.

Ukitaka kuhamishia tuta jingine, hamisha watoto pamoja na jani lao, wakubwa wataruka. Usiwajaze chupa moja, wakikosa chakula wanakulana.

Kwenye karanga usiwategemee sana. Kidukari huambukiza virusi vya kudumaza kabla hajaliwa. Hapo panda mapema mvua zinapoanza, panda kwa kubananisha, na ujazie mashimo yasiyoota.