Re: Cheti cha babu kimeandikwa King George VI, skuli hiyo iko wapi siku hizi?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Usihangaike kuitafuta, skuli haijavunjwa. Ni hiyo hiyo Lumumba ya hapa mjini Unguja. Jina la King George VI, mfalme wa Uingereza aliyefariki 1952, liliondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, likaja la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyeuawa Januari 1961. Haikuwa peke yake. Wasichana wakapata Ben Bella, jina la rais wa kwanza wa Aljeria, na Pemba mpaka leo wana Fidel Castro. Ukitaja skuli zetu ni kama unasoma gazeti la miaka ya sitini!

Lakini jina ndilo jambo dogo. Kubwa ni Septemba 23, 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo. Kabla ya hapo sekondari ilikuwa ya wachache, na ada juu yake. Mtoto wa shamba aliyefaulu, mzee wake aliuza karafuu au akakopa.

Kitazame tena hicho cheti, kama ni cha kumaliza kidato cha nne utakuta kimeandikwa Cambridge, maana mitihani ilitungwa Uingereza. Marehemu baba alikuwa nacho kama hicho, kakikunja mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya mkoba wa hati za shamba. Na hata Lumumba hakuwahi kuisema. "Nimesoma King George," basi.

Chako usikilaminishe kabla hujakipiga picha.