Leseni unayo, gari la nini?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepata leseni, nina miaka 21, kazi yangu ni ya kawaida tu. Nikope ninunue gari, au nisubiri kwanza?" Nikamjibu: usikope, wala usisubiri. Akadhani namtania. Jibu refu ni hili.

Mimi mpaka leo sina gari, na kuendesha naendesha. Natumia magari ya kushirikiana. Unajiunga, unachagua kwenye simu gari lililo karibu, unalifungua kwa simu hiyohiyo, unakwenda unakokwenda, unalirudisha na kulipia muda au umbali uliotumia. Mara nyingi mafuta, bima na matengenezo vimo humohumo kwenye bei.

Nilipoanza, wino wa leseni yangu ulikuwa haujakauka, na wenzangu walinicheka sana. Mmoja kila akiniona nashuka kwenye gari lenye nembo ya kampuni ubavuni alikuwa anapaza sauti: "Bosi, leo umeazimwa mpaka saa ngapi?" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Iliniuma, siwezi kuficha. Yeye alikopa, akanunua, akaja kuliuza lile gari kwa hasara, na mkopo bado anaulipa. Mimi fedha hizo zilinisomesha. Sisemi haya kumsimanga. Haya, labda kidogo.

Wala tusidhani ni mambo ya juzi. Mwaka 1948 mjini Zurich, Uswisi, watu wasio na uwezo wa kununua gari waliunda ushirika wakawa wanatumia magari kwa pamoja. Mwaka 2000 Robin Chase na Antje Danielson wakaanzisha Zipcar, kampuni ya magari ya kushirikiana, huko Marekani. Kinachowasukuma watu ni kilekile: gari la mtu binafsi hushinda limeegeshwa saa nyingi za siku, na muda wote huo bima inakatwa na thamani inashuka.

Kwa kijana hesabu ni mbaya zaidi. Kampuni za bima zinajua kwamba madereva wapya hupata ajali kuliko wazoefu, kwa hiyo dereva wa miaka 20 anatozwa zaidi ya baba yake kwa gari lilelile. Kwenye magari ya kushirikiana, bima anaikata mwenye huduma kwa magari yake yote, na mzigo unagawanyika kwa wanachama. Ila usishangilie mapema. Huduma nyingine hazipokei dereva mwenye leseni changa, na nyingine zinampokea aliye chini ya miaka 25 kwa kumtoza nyongeza.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kwenye mkataba tafuta kiasi utakachobeba mwenyewe gari likiharibika, kabla bima haijaanza kulipa. Vijana wanaangalia bei ya saa, wanaona rahisi, wanabonyeza "nakubali". Kiasi hicho kikiwa kikubwa, bampa moja iliyobonyea inaweza kumeza ulichoweka akiba mwaka mzima. Huduma nyingi zina nyongeza ndogo ya kukipunguza. Ukiwa dereva mpya, ilipe.

Na piga picha. Nasema tena, piga picha! Kuna kampuni, sitaitaja, iliniandikia siku kadhaa baada ya kurudisha gari, eti nimekwaruza rimu ya nyuma kushoto. Bahati nzuri nina tabia ya kulizunguka gari kabla ya kuliwasha, napiga kila kona na kila tairi, halafu dashibodi ionyeshe mafuta na kilometa. Mkwaruzo wao ulikuwemo kwenye picha yangu, na saa imeandikwa, kabla sijaligusa gari. Niliwatumia. Wakadai haionekani vizuri. Nikaikuza, nikauzungushia duara jekundu, nikatuma tena. Deni wakalifuta kimyakimya; pole sikupewa mpaka leo. Kijana asiye na picha angelipa, tena angejilaumu kwamba hajui kuendesha.

Kuna wasiofaidika, niseme ukweli. Kama unaendesha kila siku kwenda kazini na gari linakusubiri nje kutwa nzima, saa zile za kusubiri nazo unazilipia, na mwisho wa mwezi utalia. Chukua basi siku za kazi, gari liwe la mizigo, safari za usiku na kumpeleka mama hospitali. Ukiona utachelewa, ongeza muda kwenye simu kabla haujaisha, maana faini ya kuchelewa mara nyingi ni kali kuliko saa yenyewe, na kuna mwenzako anasubiri gari hilo. Na usitegemee huduma moja tu: Paris walikuwa na Autolib', magari ya umeme yaliyoanza mwaka 2011, lakini madeni yakaizima mwaka 2018 na wanachama wakabaki kutafuta pengine.

Jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia ni la akaunti. Rafiki atakuomba umfungulie gari kwa jina lako, "dakika tano tu." Kataa, hata akinuna. Akigonga, bima ina haki ya kukataa kulipa kwa sababu aliyeshika usukani hayumo kwenye mkataba, na deni lote litakuja kwako mwenye jina. Mwambie ajisajili mwenyewe. Kwa kawaida ni kupiga picha leseni na uso wake, kisha kusubiri wamthibitishe.