Unataka kazi ya kuwekeza kwenye kampuni changa? Anzia ghalani

Nilipomweleza shangazi kule Tandahimba kwamba kazi yetu ni kuwapa vijana fedha wakati programu yao haijaingiza hata shilingi, kisha tunachukua sehemu ya hisa, alicheka: "Basi mwanangu wewe kangomba." Hakukosea sana. Kangomba naye hununua korosho zikiwa bado mtini. Ila yeye hudai kilo zake hata mkorosho ukinyauka. Sisi kampuni ikifa, fedha imekwenda nayo, na hakuna anayemfuata kijana kwao kubeba godoro.

Vijana wa Mtwara na Lindi wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye kazi hii huwa wanafikiria utajiri. Tuanze na hesabu basi. Mfuko wa kawaida huishi miaka 10 hivi, na fedha zilizomo kwa sehemu kubwa ni za watu wengine. Kwa desturi wasimamizi wa mfuko hulipwa ada ya asilimia 2 kwa mwaka, na asilimia 20 ya faida baada ya wenye fedha kurudishiwa chao. Kampuni nyingi hazirudishi kitu cha maana. Moja au mbili ndizo hubeba nyingine zote. Ilikuwa hivyo tangu zamani: American Research and Development, kampuni ya uwekezaji ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1946, iliweka dola 70,000 kwenye kampuni changa ya kompyuta, Digital Equipment, mwaka 1957, na kampuni hiyo moja ndiyo iliyoipa sifa. Kwa hiyo ukiingia una miaka 25, utakaribia 35 ndipo ujue kama una jicho. Kama una wadogo wa kusomesha, piga hesabu kwa mshahara tu. Hiyo asilimia 20 isahau.

Halafu acha kukariri misamiati. Waliokulia Masaki wanaijua kuliko wewe. Wewe unajua msimu.

Kuna timu ilituletea programu ya kuandikisha wakulima na mizigo yao ghalani. Grafu ya Oktoba na Novemba ilipanda mpaka inatia kizunguzungu, na wenzangu Dar walikuwa tayari kusaini. Niliomba takwimu za Aprili, msimu wa korosho ukiwa umekwisha. Hazikuwepo. Nikaenda kukaa kwenye AMCOS mojawapo, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Foleni ya magunia ilifika nje, katibu anasoma mizani, anaandika kwenye daftari lake kubwa, anakata stakabadhi, anaita mwingine. Simu hakuigusa. Jioni alikuja kijana aliyeajiriwa na timu ile, akaketi kwenye gunia, akanakili daftari lote kwenye programu. Wale "watumiaji" wote wa kwenye grafu walikuwa kidole cha mtu mmoja.

Lakini nilipokuwa pale niliona jambo jingine. Malipo ya mnada yakishaingia, wakulima humjia katibu wakiuliza makato: hili la nini, hili nani kalipitisha? Anaeleza mpaka usiku, kila mtu kivyake. Hapo palikuwa na shida ambayo mtu angeilipia.

Tuliwakataa wale vijana, tukawaandikia sababu zote, pamoja na hilo la makato. Msimu uliofuata walirudi na kitu kingine kabisa, na safari hiyo mazungumzo yalifika mbali. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kukataa. Kataa mapema na useme kwa nini. Kumzungusha mtu miezi mitatu kwa "tutawasiliana" ni ukatili, tena Mtwara ni mji mdogo: mtakutana sokoni, mtakutana harusini.

Mlangoni hutaingia kwa cheti peke yake. Fanya kazi kwanza kwenye kampuni changa, hata kama ni kujibu simu za wateja. Soma mkataba wa SAFE uliotolewa na Y Combinator mwaka 2013. Ni kurasa chache, nao unaeleza jinsi fedha ya leo inavyogeuka hisa baadaye. Kisha kwa kila biashara unayoiona andika ukurasa mmoja: nani analipa, kwa nini alipe sasa, nini kitaiua. Msimu huu anza na ghala la kijijini kwenu, ukae mpaka mizani ifungwe. Kurasa hizo ndizo za kumpelekea mtu wa mfuko, badala ya wasifu wenye picha ya suti.