Jibu: Tongoni kuna nini zaidi ya magofu?

Mkuu, umeuliza kama Tongoni ni mji wenye mamlaka yake, na kama inafaa kushuka pale ukielekea Pangani. Mji hapana. Ni kata tu ndani ya Jiji la Tanga, kusini ya mjini. Kushuka, shuka bila kusita.

Magofu yenyewe usiyapite mbio. Kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine ya mnara. Sogea karibu utaona vishimo vya duara kwenye chokaa, palipopachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Mabakuli yameng'olewa zamani, na hilo linaniuma sana. Zamani pakiitwa Mtangata. Januari 1499 Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael jirani na hapo, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote.

Lakini mimi napenda watu. Ukikuta maji yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope la mikoko na wavuvi wanashona nyavu kivulini. Salimia kwanza, shikamoo kwa wazee, ndipo uulize. Ukianza na kamera hupati kitu. Waulize wavuvi kuhusu silikanti, samaki wa kale anayenaswa na jarife, yaani nyavu zinazotegwa kwenye kina kirefu. Hifadhi ya bahari ya mwaka 2009 ilianzishwa kwa ajili yake.

Vaa nguo ya heshima, kijiji ni cha Waislamu.