Usianze na Zohar, anza na shairi

Mimi nilianza vibaya. Niliposikia habari za Kabala, yaani elimu ya siri ya Wayahudi kuhusu Mungu, nikadaunlodi Zohar, kitabu chake kikuu kilichotokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13, sehemu kubwa Kiaramu, nikashika tafsiri, nikakwama mapema sana maana kila mstari unaegemea aya ya Torati, kama huijui aya umepotea.

Kilichonifungulia mlango ni shairi fupi, Yedid Nefesh, yaani Mpenzi wa Nafsi. Linahusishwa na Elazar Azikri wa Safed, mji wa mlimani kule Galilaya ambako karne ya 16 walikusanyika Wayahudi wengi ambao koo zao zilifukuzwa Hispania mwaka 1492. Beti nne tu. Chukua herufi ya kwanza ya kila ubeti, ziunganishe, unapata lile Jina la herufi nne ambalo Myahudi halitamki. Watunzi wetu wa tenzi huweka jina lao beti za mwisho, huyu kaweka la Mungu, na unaweza kuliimba shairi lote bila kulitamka! Siku nilipoliona hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Ubeti wa kwanza mtumishi anaomba avutwe, apate kukimbia kama ayala. Ndio, ayala yuleyule wa Zaburi 42 kwenye Biblia yetu, kwa Kiebrania ni ayal.

Ila ubeti wa pili ndo ulionishika. Nafsi inaumwa kwa mapenzi, alafu mtunzi anaingiza maneno ya Musa alipomwombea dada yake Miriamu mwenye ukoma, Hesabu 12:13: El na refa na lah, Mungu nakusihi mponye. Maneno matano. Mwaka niliokuwa namuuguza mama sala ndefu zilikuwa hazitoki kabisa, nilikuwa nimechoka, lakini hayo matano yalitoka, kwenye daladala, kwenye foleni ya dawa, usiku nikimgeuza kitandani.

Kwahiyo ushauri wangu, soma kwa mdomo sio kwa macho, ubeti mmoja wiki nzima, na ukiweza iwe Ijumaa jua linapozama maana ndo saa yake. Ukishalizoea nenda Lekha Dodi, wimbo wa kupokea Sabato wa Shlomo Alkabetz, naye wa Safed, ambapo ubeti wa mwisho watu wanasimama wanageukia mlangoni wanainama kumpokea Sabato kama bibi harusi. Ukiimba hivyo, habari za Shekhina, yaani uwepo wa Mungu unaokaa na watu hata uhamishoni, zinaanza kuingia zenyewe, na hapo sasa msome Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa Kabala aliyefika Safed mwaka 1570 akafariki 1572, anayesema Mungu alijikusanya ndani ili ulimwengu upate nafasi.

Zohar bado ipo kwenye simu yangu. Naifungua ukurasa mmoja mmoja, Ijumaa, baada ya kuimba.