Kabla hujalipa studio, wimbo wako wa kantri wapelekee watu

Anayeanza kutunga kantri hapa Kenya ana bahati moja: wasikilizaji wapo tayari. Kuna wazee waliokua wakimsikiliza Jim Reeves na Kenny Rogers redioni, nao wanaujua muziki huu kuliko maprodyuza wengi watakaokurekodi. Watafute mapema, kabla hujatoa hela ya albamu. Saa ya studio ni ghali mno kuitumia kufikiria upya ubeti wa pili.

Jirekodi kwa simu. Gitaa moja na sauti yako, basi. Wengi hutaka kwanza wawekewe ngoma, fidla na lile gitaa la steel linalolia, ndipo wamwite mtu asikilize. Mtu huyo ataisifu fidla. Harlan Howard, mtunzi mkubwa wa Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha kantri, alisema kantri ni kodi tatu (chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na ukweli. Kodi tatu utafundishwa na yeyote mwenye gitaa, kwa hiyo unachokwenda kupimwa ni hicho kingine.

Tena usihutubie kabla ya kuimba. Ukianza na "huu niliuandika baba alipofariki," umeshamziba mdomo msikilizaji. Nani atakwambia kibwagizo kinachosha ilhali umemletea msiba? Bluebird Cafe ya Nashville ni ukumbi mdogo uliofunguliwa mwaka 1982, na sifa yake kubwa ni kimya: watunzi huketi katikati na magitaa yao, na ukipiga soga unanyamazishwa. Wewe sebule ya shangazi inatosha, ila televisheni izimwe.

Sasa swali lenyewe. "Unauonaje?" halikusaidii kitu. Mtu mwenye adabu zake atasema "uko sawa kabisa" kisha akuongezee chai. Mwambie hivi: "Nisimulie kilichotokea kwenye wimbo." Ukimuuliza hivyo abiria yeyote wa matatu aliyewahi kuusikia The Gambler, atakusimulia: garimoshi, usiku, mzee mcheza kamari, ushauri, kifo. Don Schlitz aliutunga mwaka 1976, na wengine waliurekodi kabla Kenny Rogers hajauvumisha mwaka 1978. Hadithi ilikuwa pale pale tangu mwanzo.

Kijana mmoja alituletea wimbo kuhusu karo ya shule. Ubeti wa kwanza ulisema:

Ng'ombe aliondoka alfajiri,
Maisha magumu, nakulilia baba.

Msikilizaji wa kwanza alidhani ng'ombe kaibwa. Wa pili alidhani baba ndiye aliyefariki alfajiri hiyo. Karo hakuigusa mtu. Kijana akajitetea kwamba inaeleweka ubeti wa tatu, lakini kufika huko wenzake walikuwa wameshaanza kutazama simu. Alirudi baada ya muda na hii:

Alfajiri baba kamfungua ng'ombe,
Jioni karudi na kamba, na risiti ya shule.

Maneno ya kulia yameondoka yote, na sasa aliyelia ni mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kona. Ona pia kwamba hakuna aliyemwambia aandike kamba. Walimwonyesha tu mahali walipopotea, na kamba akaitafuta mwenyewe. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: watu wawili wakikwama mstari uleule, mstari una kasoro hata kama dawa wanazopendekeza hazifanani wala hazifai. Andika walipokwama. Dawa zao washukuru, uziweke kando.

Unapoambiwa, usijibu. Najua ni vigumu, lakini kila unapoeleza ulimaanisha nini, unamfundisha msikilizaji kitu ambacho hutakuwepo kumfundisha mtu wa redioni.

Kesho yake mpigie simu umuulize kama kuna mstari anaoukumbuka. Akikumbuka mstari ambao si wa kibwagizo, fikiria kuuhamishia huko. Asipokumbuka wowote, wimbo huo usiwe wa kwanza kwenye albamu.

Kuhusu lafudhi nitasema wazi: acha kuigiza matamshi ya Tennessee, jimbo lenye Nashville. Wasikilizaji hulitambua hilo mara moja, ila wanaona haya kukwambia. Ukiimba Kiswahili, chunga noti ndefu zisikuvutie mkazo hadi silabi ya mwisho. "Nyumbani" ikiburutwa kwenye "ni" inasikika kama imetafsiriwa.

Ukimpata mtunzi mwenye uzoefu, mpelekee wimbo na maneno yakiwa yamechapwa. Nashville kuna chama cha watunzi, NSAI, kilichoanzishwa mwaka 1967, na moja ya huduma zake kwa wanachama ni nyimbo zao kusikilizwa na kutolewa maoni na watunzi wa kulipwa. Huku kwetu itabidi umwombe mmoja mmoja. Mpelekee wimbo mmoja. Ukimtumia kumi na mbili, hatasikiliza hata mmoja hadi mwisho.

La mwisho ni la makaratasi. Mtu akikwambia "ubeti huu ni mrefu," hayo ni maoni. Akikupa mstari mzima nawe ukauimba, ameshaingia kwenye utunzi, na mnapaswa kuandikiana mgao kabla ya kusajili kazi KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na kabla ya kuingia studio. Wimbo ukishaanza kupigwa redioni, kila aliyekuwa sebuleni siku ile atakumbuka mistari mingi zaidi aliyokupa.