Filamu ni ya mtayarishaji, pamoja na madeni yake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza filamu ni ya nani hasa: mwongozaji, mwigizaji au mtayarishaji? Mimi nasema ni ya mtayarishaji, na shahidi wangu ni mtayarishaji Sam Spiegel.

Oscar ya filamu bora hapewi mwongozaji wala nyota. Hupewa mtayarishaji. Spiegel aliipata mara tatu, kwa On the Waterfront ya 1954, The Bridge on the River Kwai ya 1957 na Lawrence of Arabia ya 1962. Huyu ni Myahudi aliyezaliwa Galicia, jimbo la Austria-Hungaria wakati huo, mwaka 1901, akafanya kazi Berlin, akakimbia Wanazi waliposhika madaraka 1933. Kwa miaka mingi Hollywood ilimjua kwa jina la S. P. Eagle.

Tazameni The African Queen ya 1951, hadithi ya Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Mwenye fedha anataka kwanza kujua nyota ni nani. Nyota naye anataka kujua fedha ziko wapi. Lazima atokee mtu wa kuwatoa hofu wote wawili kabla hakijapigwa kipande hata kimoja. Spiegel alifanikisha hilo, akaungana na kampuni ya Uingereza kugharimia, na mwongozaji John Huston akaenda na nyota wake, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, hadi Kongo ya Wabelgiji na Uganda, wakati studio nyingi zingeridhika na bwawa la California. Kambini watu waliugua, Hepburn akiwemo. Dawa, chakula, mishahara ya siku ambazo kamera haikufanya kazi: yote hayo humwangukia mtayarishaji. Bogart alipata kwa filamu hiyo Oscar yake pekee, na sidhani angeipata bila ukaidi wa Spiegel.

Lakini mwenye mali ndiye mwenye deni, na hapa Spiegel simtetei. Muswada wa River Kwai uliandikwa na Carl Foreman na Michael Wilson. Wote wawili walikuwa wamepigwa marufuku Hollywood kwa shutuma za ukomunisti, wakawa wanaishi Ulaya. Filamu ilipotoka, sifa yote ya uandishi alipewa Mfaransa Pierre Boulle, mwenye riwaya, mtu ambaye hakuwa akiandika kwa Kiingereza. Oscar ya muswada ikaenda kwake. Ni dhuluma, na marufuku ya studio haitoshi kumfutia Spiegel lawama, kwa sababu miaka mitano baadaye alirudia: Wilson aliandika miswada ya mwanzo ya Lawrence of Arabia, na jina lake likaachwa tena.

Akademi, taasisi inayotoa Oscar, ilikuja kuwapa Foreman na Wilson Oscar yao ya River Kwai katikati ya miaka ya 1980, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa. Kwa Lawrence of Arabia, Wilson alisubiri kutambuliwa hadi 1995, miaka 17 baada ya kifo chake.